Tusi kwa Mgonjwa wa Papasi

Mgonjwa wa homa ya papasi mimi namtukana kwanza. Simpi pole. Pole anapewa na kila anayeingia, na haionyeshi kitu. Nasimama alipolala, naangalia macho yake kama yameanza kuwa manjano, naangalia shuka kama lina damu ya pua, halafu namwambia neno baya linalomhusu yeye au ukoo wake. Akinirudishia, hata kwa sauti ya kukwaruza, naenda kumkorogea uji. Akinuna pia si mbaya, aliyenuna bado yupo. Lakini akinitazama kama mbuzi anavyotazama mvua, au akicheka wakati sijasema la kuchekesha, hapo najua homa imepanda kichwani, na vijana waanze kutafuta machela.

Kazi hiyo nilifundishwa na mama yangu. Shule niliishia darasa la pili. Baba alipoona nimejua kuandika jina langu akasema inatosha, ng'ombe hawasomewi. Mjukuu wangu ndiye kaniambia niandike haya. Anasema, "Bibi, andika kama unavyoongea." Basi naandika. Mchana wangu ni mrefu, na kuku hawana mazungumzo.

Kwa asiyemjua papasi: ni kupe, lakini si yule wa kwenye ng'ombe. Huyu anakaa ndani ya nyumba, kwenye nyufa za sakafu ya udongo na chini ya ukuta, hasa karibu na jiko penye joto. Ukimwona mchana utadhani ni mbegu ya nyonyo imeanguka ikakauka. Usiku anatoka, anakunywa damu yako, anarudi kwake. Asubuhi unajikuna tu.

Sisi tulizaliwa juu ya sakafu hizo. Tulipata homa zake tukiwa wadogo, wengine wakafa, na sisi tuliobaki papasi wakatuzoea. Tulisema hivyo: huyu papasi wanamjua. Ukiumwa, unaumwa kidogo, unakohoa, unaendelea kupalilia. Mgeni ndiye wanamwangusha. Ndiyo maana kabla hata ya tusi kuna swali: huyu amelelewa kwenye sakafu gani? Ukipata jibu la hilo umeshajua nusu ya ugonjwa wake.

Na damu inasahau. Mtu akikaa miaka mahali pasipo na papasi, akirudi wanampokea kama mgeni. Kwa hiyo zamani binti akiolewa mbali, mama yake alimfungia kibuyu kidogo chenye vumbi la jikoni na papasi wachache ndani. Akifika kwa mume anawafungulia ukutani. Ukisikia unaweza kucheka. Mimi nilikuja kwa mume wangu, huku kwenye vilima vya Tarime, na kibuyu changu kiunoni, na tangu hapo sijawahi kulala kitandani kwa homa ya papasi hata siku moja.

Mume wangu alikuwa na wake wawili, mimi wa kwanza. Mimi nilizaa mabinti, mwenzangu akazaa madume matupu. Mabinti wangu wakaolewa wakaondoka, mume akafa, nikabaki na ng'ombe wa mahari yao na nyumba isiyo na mtu. Kwetu Wakurya mwanamke kama huyo hakai akilia. Anaoa. Tunaita nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anamleta binti nyumbani kwake, na watoto atakaozaa binti huyo ni wajukuu wa nyumba ile. Mwanaume aliyewazaa hana lake. Nikaoa. Nilimtoa upande wa Mugumu huko Serengeti, binti mrefu, mchapakazi, mpole wa sauti. Yeye aliniita mama, maana kwa mila ni mkwe wangu. Mimi nikizungumza na watu nilimwita mke wangu, na watumishi wa serikali waliotoka mikoa mingine wakicheka niliwaacha wacheke mpaka wachoke.

Siku ile ya kumleta, mke mwenzangu alisimama mlangoni kwake, ng'ambo ya uwanja, akasema kwa sauti ili wageni wote wasikie: "Mpelekeni, mpelekeni! Nyumba ile watoto wake ni papasi, atapata wa kunyonyesha!"

Kuanzia siku hiyo sikumsemesha. Na yeye hakunisemesha. Uwanja ni ule ule, kisima ni kile kile, moshi wake unaingia kwangu na wangu unaingia kwake, na kimya.

Halafu ikaja dhahabu. Yaani ilikuwepo, lakini watu wakaijua wote kwa pamoja, kama nyuki wanavyojua ua. Upande wa Nyamongo mashimo yakafunguka. Wana wote wa mke mwenzangu wakaondoka na nyundo na tindo. Wakaondoka wa jirani. Akaondoka mchungaji wa mbuzi, akaondoka aliyekuwa akitusagia unga. Ilifika mahali ukimwona mwanaume mwenye meno kijijini unauliza anaumwa nini. Nyumba zikawa na wazee na paka. Jioni zamani ilikuwa ni kelele za watoto na ng'ombe. Sasa nilisikia jani la mgomba likigusana na lenzake.

Mke wangu naye akaniomba ruhusa. "Mama, wachimbaji wanakula. Nikapike kule, nitakuwa narudi."

Nikamwambia nenda. Nani angemzuia? Alipika ugali na maharage kwenye kibanda cha turubai na mabati, akalala humo humo. Mwanzo alirudi mara kwa mara. Baadaye akawa anarudi mvua kwa mvua.

Nikakokotoa mwenyewe: anakolala hakuna udongo wala ufa, ni bati na mchanga wa mashimoni. Damu yake itasahau. Nikafunga kibuyu, nikatembea nusu siku hadi huko mashimoni. Nilimkuta kwenye moshi, wanaume wamejaa vumbi wanamgombania sahani. Akapiga magoti akanisalimu, akanipa kiti. Nikampa kibuyu. Akakifungua, akachungulia, akakifunga upesi.

"Mama," akasema, taratibu, "wakiona mdudu hapa hawali tena."

"Si wa kuwaonyesha. Fungulia pale unapolala."

Mchimbaji mmoja akapiga kelele, "Mama mkwe kaleta zawadi! Tuone!" Wakacheka. Yeye hakucheka. Alisubiri waondoke, akaniangalia usoni kwa heshima yote, akakitupa kibuyu motoni chini ya sufuria. Nilisikia wakipasuka, pa, pa, kama mahindi ya kukaanga.  Nilirudi nyumbani na miguu inauma, na njia nzima sikukutana na mtu ninayemjua, wote walikuwa wageni wanaokwenda nilikotoka.

Zilipita mvua mbili. Akarudi na mimba kubwa. Baba wa mtoto alikuwa mchimbaji fulani, hilo halikunihusu. Mimi nilichoona ni tumbo. Nilimzunguka kama anayekagua ng'ombe wa mnada, nikafurahi mpaka nikaona aibu. Mtoto wa nyumba yangu. Alitaka azaliwe kwenye jiko langu, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Nikamtandikia ngozi mahali pazuri, penye joto.

Wiki moja na kidogo, homa ikampiga. Kichwa, mgongo, baridi ya kugonganisha meno. Watu wa mashimoni kila homa kwao ni malaria, na alikuwa amekuja na vidonge vya malaria vya dukani. Akavimeza. Baada ya siku chache akatoka jasho mpaka ngozi ikalowa, akaamka mweupe wa macho, akaomba ugali.

"Umeona, mama? Malaria. Imekwisha. Narudi nikaangalie vyombo vyangu, wataiba."

"Papasi kaenda kupumzika," nikamwambia. "Atarudi. Na akirudi hakuja kukusalimia."

"Papasi wananijua mimi. Nimezaliwa nao."

"Walikuwa wanakujua. Uliwakaanga."

Aliinamisha uso. Alikuwa ameshafunga mzigo. Mimi nikaenda nikakaa kizingitini, nikanyoosha miguu kufunga mlango wote. Mkwe hawezi kuruka miguu ya mama mkwe. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Nilikaa pale nikimenya viazi mpaka jua likageuka, naye akakaa nyuma yangu amenuna, na mzigo wake magotini. Akalala. Kesho yake nikakaa tena.

Homa ikarudi alipokuwa anaosha sufuria. Ilimwangusha pale pale.

Safari hii haikuwa homa ya kuficha. Macho yalikuwa manjano kama kiini cha yai. Pua ikatoa damu. Nikimwinua kichwa nimpe maji, shingo haikunjiki, inainuka na mabega kama ubao. Alikuwa akiongea na wachimbaji, anawagawia maharage. Halafu akanyamaza. Nikamwita kwa jina lake, akafumbua macho akayafumba. Sasa kunyamaza kwake kulikuwa kwa uchovu, au kichwa kimeshaingiliwa? Hapo ndipo pa kujua. Wa uchovu unamlaza, unampa maji, unasubiri. Aliyeingiliwa ukisubiri unazika, na huyu ningezika wawili.

Angekuwa mtu mwingine pale ningemtukana mara moja. Lakini huyu alikuwa mkwe wangu. Mkwe ni heshima. Sijawahi kumpandishia sauti tangu nimlete. Hata siku ya kibuyu nilinyamaza. Ukimtukana mkwe aliyebeba mtoto wa nyumba, umeivunja nyumba kwa mdomo wako mwenyewe. Na hata ningejilazimisha, angenijibuje? Mkwe mwenye adabu hajibu. Kunyamaza kwake kusingeniambia lolote.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki katika mji ule, boma letu, mwenye haki ya kumtukana. Mke mwenzangu alizaliwa ukoo mmoja na binti huyu, huko huko upande wa Mugumu. Kwa hesabu ya ukoo alikuwa bibi yake, na bibi na mjukuu ni watani. Kabla ya dhahabu nilikuwa nawasikia kisimani wakitupiana maneno ya kuchoma masikio, halafu wanabebeshana ndoo.

Uwanja ule si mpana. Kuku anauvuka akikimbizwa, na panzi mdomoni hajammeza. Mimi niliuona mpana siku hiyo. Nilimkuta anachambua mtama mlangoni. Hakuinua kichwa.

Nikasema, "Njoo umtukane mke wangu."

Ungo ukasimama. "Miaka yote hii," akasema, "ndilo neno ulilokuwa unalitafuta?"

"Homa ya papasi. Nataka kujua kama imepanda."

Aliuweka ungo chini, akajipangusa mikono, akavuka uwanja mbele yangu. Alikuwa anachechemea. Sikujua kwamba mguu wake umeanza kuuma, nilikuwa sijamtazama akitembea kwa miaka.

Akasimama juu ya mgonjwa, akashika kiuno. Yule mwanamke alikuwa na mdomo, Mungu alimpa.

"We mwizi wa mboga! Umelala mchana kama mwanaume! Nani kakudanganya una mimba? Tumbo hilo limejaa ugali wa wachimbaji! Inuka, mguu wa korongo, inuka nikuone!"

Tulingoja. Nzi alitembea kwenye shavu lake. Mke wangu akafumbua macho, akatutazama, akatabasamu. Lakini tabasamu lilikwenda upande mmoja tu. Upande wa pili wa uso ulibaki umelala, na jicho la upande huo likabaki wazi nusu.

Mke mwenzangu akashusha mikono. "Hajibu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si ile.

"Imepanda," nikasema. "Huyu anakwenda."

Nilisema hivyo kama ninavyosema kuhusu wagonjwa wote. Macho manjano, damu, shingo, uso umepinda, tusi halijibiwi, damu imesahau. Sijawahi kuona mtu mwenye hayo yote akiamka. Ningemdanganya nani?

Machela tulikuwa nayo. Wabebaji hatukuwa nao. Wale wote ambao wangembeba walikuwa chini ya ardhi wanagonga mawe. Nilisimama uwanjani nikaita, mara ya kwanza na ya pili. Nikajibiwa na mbwa.

"Mimi nitakwenda zahanati," mke mwenzangu akasema. "Wewe kaa naye."

"Na mguu huo?"

"Mguu ni wangu."

Akaenda. Nikabaki na mke wangu, nikimfunika na kumfunua. Niliweka mkono tumboni kwake. Mtoto aligeuka. Nikamwambia mtoto, tulia, bibi yupo.  Mchana wote ule hakuna aliyepita njiani hata kuomba moto. Nilifikiri: akifa huyu nitakuwa kama jiwe la kusagia lililoachwa kwenye mahame, watu wanalikalia tu wakipita.

Tabibu wa zahanati alikuwa kijana wa Tanga, mwembamba, ana Kiswahili cha kuimba. Alipohamia kwetu alipanga nyumba ya udongo, nami nikamwambia, "Wewe utaumwa, tena sana." Akacheka, akaugua mpaka akawa anasali kwa sauti. Tangu hapo tuliheshimiana. Alikuja na baiskeli, mke mwenzangu kakaa nyuma ameshikilia mkoba wa dawa kama mtoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Angalia huyu. Mimi namwona anakwenda."

Alimtazama macho, akajaribu kumkunja shingo, akamtoboa kidole akaweka tone la damu kwenye kioo cha kwenda kupima. Nikamweleza habari ya kibuyu, na miaka ya mabati. Alisikiliza yote.

"Sawa bibi yangu. Wewe umetazama sakafu. Mimi natazama tumbo. Mwanamke mwenye mimba homa hii inampanda vibaya zaidi, hata angelala na papasi maisha yake yote. Kwa hiyo tunasema kitu kimoja, mimi na wewe. Hali ni mbaya."

"Basi unachoma sindano ya nini?"

"Kwa sababu mbaya si mwisho." Alikuwa anavuta dawa kwenye bomba. "Sikilizeni, bibi zangu, wote wawili. Nikimchoma, baadaye atatetemeka. Atatetemeka kuliko mlivyowahi kuona. Msiseme sindano imemuua. Wale wadudu wa homa walio kwenye damu wanakufa wengi pamoja, ndiyo fujo yenyewe. Mshikeni, mpeni maji, msimwache. Inaweza kumchukua, sitawaficha. Lakini tusipochoma itamchukua kwa uhakika."

Akamchoma, akaondoka kwenda kumtazama mgonjwa mwingine, akaahidi kurudi kabla jua halijazama.

Kutetemeka kulianza miguuni. Kukapanda mpaka ngozi aliyolalia ikawa inapiga sakafu. Meno, mikono, tumbo lile kubwa likirukaruka. Mke mwenzangu alilala juu ya miguu yake, mimi nikamkumbatia kichwa kifuani. Joto lilitoka kwake kama mlango wa tanuri. Nilitaka kumlaani yule kijana wa Tanga. Nilikuwa nimefumbua mdomo.

"Alisema," mke mwenzangu akapiga kelele kutoka chini. "Alituambia! Shika!"

Nikashika. Sijui ilichukua muda gani. Nilimwona mwenzangu kwa karibu, nywele zimekuwa nyeupe kabisa, na kitambaa cha kichwa kimelegea. Alikuwa analia bila kupangusa, mikono yote ilikuwa na kazi.

Halafu ikapungua, kama mvua inavyohamia kilima kingine. Jasho likamtoka. Mwili ukalegea wote kwa mara moja, nikafikiri ndiyo basi. Tulikaa hivyo hivyo, vikongwe wawili na mwanamke mmoja aliyelowa, na mwanga wa jioni ukaingia mlangoni.

Ndipo mke wangu akasema, akiwa amefumba macho, na maneno yanapita upande mmoja wa mdomo:

"Ugali huo ndio unaolisha wanao, bibi. Waulize."

Mke mwenzangu alikaa kitako. Akanitazama. "Kanijibu," akasema. "Kanijibu, huyu mbwa!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tulicheka wote wawili, tukapigana mabega, na mgonjwa katikati anaomba maji. Nilikuwa nimemtabiria kifo mbele ya watu wawili, na sijawahi kufurahi hivyo kukosea.

Mtoto alizaliwa kabla ya mwezi wake, mdogo kama sungura, msichana. Watu walinitazama waone kama nitanuna, maana nyumba ilitaka dume. Nikawaambia aliyevuka ile homa akiwa tumboni, hilo ni dume la kutosha. Mama yake uso haukunyooka kabisa. Akicheka hadi leo upande mmoja unachelewa. Mashimoni walisema karogwa. Yeye aliwaambia, "Nimeumwa na mdudu. Kuleni."

Siku aliyopata nguvu ya kutembea alinijia na mtoto mgongoni, akapiga magoti.

"Mama, huyu hatalala kwenye sakafu hii."

Tabibu alikuwa ameshaniambia hilo hilo: mtoto mchanga papasi hawamjui kabisa. Zamani tungesema wacha wamjue, akibaki kabaki. Mama yangu alibaki. Mimi nilibaki. Ndugu zangu wengine wamelala nyuma ya zizi la baba na hawana hata majina.  Nyumba ile niliisiriba kwa mikono yangu, nikaipaka samadi kila wiki tangu nikinyonyesha binti wa kwanza. Wale papasi walitoka kwa mama yangu.

Nikachukua jembe mwenyewe. Tulichimba sakafu yote, tukatoa udongo nje tukauchoma na majani makavu, na nyufa za ukuta tukazipitisha moto. Mke wangu akaleta saruji kutoka Tarime mjini kwa pikapu ya wachimbaji. Sakafu ikawa ngumu, ya kijivu, ya baridi. Mtoto akalala juu yake na akakua bila homa hiyo hata moja. Sasa ni mwalimu, anakaa Turwa, ana kochi na pazia. Akija anavua viatu, ananipikia, ananichekesha, analala kwangu bila wasiwasi. Hakuna bibi mwenye mjukuu kama wangu, aje tushindane. Lakini anakuja akipata likizo, na mama yake bado yuko huko kwenye dhahabu na vyungu vyake. Siku zilizobaki ni mimi na saruji.

Aliyekuwepo ni mke mwenzangu. Wanawe hawakurudi kukaa, walijenga huko huko. Kila asubuhi nilivuka uwanja au alivuka yeye, tunatukanana kwanza, ndipo chai. Yeye hakubadilisha sakafu. "Papasi wangu watakula wapi?" alikuwa akisema. Alinicheka: "Wewe siku hizi ni mgeni. Ukilala kwangu utakufa." Ulikuwa utani, na ulikuwa kweli. Damu yangu ilikuwa imeshasahau, najua kuhesabu.

Alikufa mwaka huu wakati wa kuvuna, uzee tu na ule mguu. Wakamlaza nyumbani kwake. Kwetu wanawake wa mji wanakaa ndani na marehemu, chini, sakafuni, mpaka azikwe. Mimi ndiye mkubwa wa mji. Mahali pangu palikuwa karibu na kichwa chake.

Nilifika mlangoni, nikaona nyufa pale chini ya ukuta, karibu na jiko. Nikajitazama kama ninavyomtazama mgonjwa: mzee, mwembamba, miaka mingi kwenye saruji. Nikajua itakuwaje, yote, mpaka shingo. Na mjukuu wangu alikuwa nyuma yangu amenishika kiwiko, anasema kwa sauti ya chini, "Bibi, hapana. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mkaza mwana mmoja wa marehemu, hanijui vizuri, alikulia mjini, akasema, "Mpeni mgeni kiti."

Wakanitolea kiti nje. Mgeni, katika mji nilioukuta una nyumba moja. Nikakaa upande wa ukuta ambao kichwa chake kilielekea. Ndani waliimba, halafu wakatulia. Wengine wakaenda kisimani, wengine kupika, na kwa muda uwanja ukawa mtupu kama ule wakati wa dhahabu.

Nikainamia ukuta. Nikamwambia, "We mguu mbovu. Umelala mchana kama mwanaume."

Nikangoja. Jua lilikuwa linafika kwenye kiti, na mjukuu wangu alikuja akaniuliza kama nihamishwe kivulini. Nikamwambia aniache hapo kidogo.